Msosi wa Tarime: Nani Alianza Kumuuzia Mwenzake Ugali?

Ukishuka kwenye basi pale stendi ya Tarime asubuhi, harufu inakupokea kabla ya wapiga debe. Upande huu supu ya makongoro inachemka, upande ule chapati zinageuzwa, na katikati kuna mama anapuliza jiko la mkaa huku akimwita konda kwa jina la utani. Ukitaka chai ya maziwa, ipo. Ukitaka ndizi za kupika na nyama, subiri kidogo. Ukitaka ugali wa muhogo na sato wa kutoka Rorya, rudi saa sita mchana, utakuta tayari watu wamebanana kwenye benchi.

Mtu akiona hayo anaweza kudhani mji umekuwa hivyo tangu enzi. Wapi! Ukirudi nyuma vizazi vinne vitano tu, kumuuzia mgeni ugali kungekuwa jambo la aibu kwenye milima hii. Sasa swali ni hili: ilikuwaje jamii ambayo chakula kilikuwa hakiuzwi ikafika mahali mji mzima unakula nje? Waliofanya mabadiliko hayo hawamo kwenye vitabu vya shule, wala hakuna mtaa uliopewa jina lao. Wengi ni wanawake wenye sufuria, mwiko na kanga ya kufungia pesa.

Zamani chakula kilikuwa heshima

Kwa Wakurya wa zamani, utajiri ulikuwa ng'ombe. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye faini, ndiye bima ya njaa. Lakini ng'ombe hakuchinjwa ovyo kila siku kama watu wengine wanavyodhani. Chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa ulezi au mtama, baadaye na muhogo, ukisindikizwa na maziwa ya mgando au mboga za majani kama mgagani. Nyama ilikuwa ya sherehe, ya tohara, ya harusi na ya msiba.

Kula nako kulikuwa na utaratibu wake. Wanaume walikula pamoja, wanawake na watoto wakala upande wao. Mgeni akiingia bomani hakuulizwa kama ana njaa, aliletewa. Na kulikuwa na heshima ya ukwe: mtu na baba mkwe wake hawakukaa tu mezani wakatafuna pamoja kama marafiki wa kijiweni. Wazee nao walikuwa na chungu chao cha pombe ya nafaka, wamekizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Pale ndipo palipokuwa baraza, mahakama na redio kwa wakati mmoja. Kijana hakujisogeza tu akaomba mrija.

Kwa hiyo kila mlo ulikuwa unasema jambo: nani ni wa kwetu, nani mkubwa, nani mgeni wa nani. Ukishaweka bei juu ya chakula, yote hayo yanatikisika. Mwenye shilingi anakaa popote, hata kama hana ukoo pale.

Kabla ya karne ya 19 kwisha, msingi wa mfumo huo ulipata pigo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote, na njaa ikafuata. Na kabla ya hapo, mwaka 1886, wakubwa wa Uingereza na Ujerumani walikuwa wameshakaa Ulaya wakachora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukiishia ziwani penye digrii 1 kusini. Mstari huo ukawakata Wakurya vipande viwili bila wao kuulizwa. Kwa wakati ule haukuonekana kuwa na uhusiano wowote na chakula. Subiri.

Boma, chai na neno "hoteli"

Wajerumani waliweka kituo chao Shirati, kando ya ziwa. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tarime ikaja kuwa makao ya wilaya iliyoitwa North Mara. Boma likishakuwepo, mambo mengine hufuata lenyewe: karani anakuja, askari anakuja, mwenye kesi anakuja kutoka mbali na analala. Mwenye duka wa Kihindi naye anafungua, anauza chumvi, nguo na sukari.

Watu hao wote wana matumbo, na hawana ndugu pale mjini. Karani aliyetoka Musoma ataenda kula bomani kwa nani? Hapo ndipo hoteli ya chai ilipopata nafasi, kama ilivyotokea kwenye miji mingi midogo ya Tanganyika. Na tuelewane: kwa Kiswahili cha mtaani, hoteli si lazima iwe na vitanda. Hoteli ni bati, mabenchi mawili, birika kubwa jeusi kwa moshi na sahani ya maandazi. Hadi leo mzee wa Tarime akikwambia "twende hotelini", usiwaze vibaya, anataka chai.

Chai yenyewe ilikuja na jeshi pia. Wakurya walijulikana kwa kupenda uaskari, na wengi waliingia King's African Rifles, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Kambini mtu anakula kwa kengele, anakunywa chai yenye sukari, anakaa meza moja na Mjaluo, Mkamba na Mnyasa. Kote Afrika Mashariki, baadhi ya askari waliorudi walitumia akiba yao kufungua viduka na hoteli ndogo. Vilevile kahawa iliyolimwa kwenye vilima vya Tarime ilianza kuleta pesa taslimu mkononi mwa mkulima, na pesa taslimu ikitembea sokoni haikosi kupita kwenye maandazi.

Lakini angalia ni nani alikuwa kwenye benchi hilo: wanaume watupu. Mwanamke wa heshima hakukaa hotelini. Alikuwa nyumbani anasaga ulezi kwenye jiwe.

Mpaka ulipofungwa, matumbo hayakufungwa

Baada ya uhuru wa 1961, serikali nayo ikaingia jikoni. Mwaka 1974 watu wa Mara walihamishiwa kwenye vijiji vya maendeleo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ule mstari wa 1886 ukageuka ukuta.

Ukuta wa kwenye karatasi, lakini. Pale Sirari mtu anaweza kuwa na shangazi upande wa pili, umbali wa kupiga kelele akaitika. Njia za panya zikashamiri. Ng'ombe na mazao yakaenda, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia yakarudi. Magendo hayo yalikuwa kosa la jinai, na mwaka 1983 serikali ilianzisha msako mkali wa wahujumu uchumi. Hata hivyo, kwa mwenye hoteli wa miaka ile hesabu ilikuwa rahisi na chungu: bila sukari hakuna chai, bila mafuta hakuna andazi. Watanzania wa rika hilo wanaukumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni za duka la ushirika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983.

Katikati ya shida hiyo kulikuwa na balaa lingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa bunduki. Kuna familia zililala na zizi limejaa zikaamka na kwato tu mchangani. Ng'ombe wakiibwa usiku, asubuhi watoto bado wanataka kula. Hapo ndipo mama anapochukua sufuria na kutoka nalo barabarani.

Mama mwenye sufuria

Jina la "mama ntilie" lilivuma kutoka Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati mishahara ilipokuwa haitoshi hata wiki mbili. Baadaye likasafishwa kidogo likawa "mama lishe". Kwa wakubwa wa wakati ule hawakuwa mashujaa hata kidogo. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilitumika kuwasaka watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi maalumu, na wauza vyakula wa barabarani mijini walikimbizwa pamoja na machinga. Mtu anaamka saa kumi usiku, anachota maji, anapika, anahudumia watu hadi jioni, halafu anaambiwa hana kazi!

Kwa Tarime jambo hilo lilikuwa na uzito wa ziada. Kwa mila, mwanamke wa Kikurya aliolewa kwa ng'ombe wengi, na mahari ya Wakurya yalijulikana kwa ukubwa wake. Ng'ombe hao walikwenda kwa baba na kaka zake, kaka naye akaolea. Mke alilima, alipika, alizaa, lakini zizi halikuwa lake. Hata ile desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili apate kizazi cha kurithi nyumba, nayo inahitaji mahari. Bila mali, mwanamke hana sauti.

Sasa sufuria la ugali lilileta mali ambayo mila haikuwa imeiwekea utaratibu. Pesa ya ng'ombe inajulikana ni ya baba. Pesa ya kahawa nayo, mara nyingi baba ndiye aliyeipokea. Lakini pesa ya chapati kumi na tano zilizouzwa kabla ya saa tatu asubuhi ni ya nani? Imefungwa kwenye pindo la kanga, na baba bado amelala. Kwa pesa hiyo ada ya shule ililipwa, hasa ya watoto wa kike. Kwa pesa hiyo bati lilinunuliwa. Kwa pesa hiyo hiyo nyumba nyingine zilipata ugomvi, kwa sababu si kila mume alifurahi kuona mkewe anahudumia wanaume wasio ndugu kando ya barabara. Mama lishe wa kwanza waliitwa majina. Walivumilia majina, kesho yake asubuhi moto ukawaka tena.

Na mwenye meza ndiye mwenye amri. Mzee wa ukoo akija kula kwa mama lishe, anaambiwa kama wengine: "Baba sogea kidogo, mwenzako akae."

Barabara na daraja

Miji inakula kwa barabara. Kabla ya Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara kujengwa miaka ya 1980, safari ya kutoka Musoma kwenda Tarime ilikuwa na mkato wake pale mtoni. Daraja na lami vilipounganisha Mwanza, Musoma, Tarime na Sirari, abiria wakaanza kumiminika kwenda na kurudi Kenya. Uchumi nao ulifunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Ruksa. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukasainiwa mwaka 1999.

Abiria hao walikuja na midomo ya kwao. Mkenya anataka chapati na maharage, na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa. Msukuma anauliza dagaa. Mjaluo anataka samaki mzima mwenye kichwa, si kipande. Ndiyo maana mgahawa wa Tarime, hata ukiwa mdogo kiasi gani, hauna chakula cha kabila moja. Kiswahili ndicho kilichokaa mezani kama mwenyekiti: hakuna mwenye kulalamika kwamba ameagizwa kwa lugha ya jirani yake.

Samaki nao wana habari yao. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria wakati wa ukoloni, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vya kanda ya ziwa vikawa vinasafirisha kwenda Ulaya. Minofu ikapanda ndege, mtaani yakabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Mama lishe wakayakaanga, na watu wakala. Wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, ndiyo iliyochukua upande wa ziwa. Kiutawala wakaachana, lakini kwenye sahani bado wako pamoja.

Dhahabu ilipoingia jikoni

Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji kule Nyamongo, eneo ambalo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa nyundo na karai. Mgodi ulibadilisha wenye mali zaidi ya mara moja: Barrick waliuchukua mwaka 2006, baadaye ukawa chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Acacia, na mwaka 2019 ukarudi moja kwa moja kwa Barrick, serikali ikipata asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga.

Panapotoka dhahabu, hoteli huota kama uyoga. Nyamongo ikajaa vibanda vya chipsi, mabucha yenye majiko ya kuchomea, baa zenye spika kubwa kuliko kaunta. Kijana aliyepata mawe mazuri leo anakula kuku mzima, kesho anakopa ugali. Daftari la madeni la mama lishe wa machimboni lingekwambia hali ya dhahabu kuliko taarifa ya habari.

Lakini tusipake rangi. Mgodi huo huo umekuwa na migogoro mikali na wanakijiji kuhusu ardhi, fidia, maji na vifo vya watu walioingia eneo la mgodi kutafuta mawe. Kilio cha wengi kilikuwa kwamba utajiri unapita juu ya vichwa vyao, maana mgodi una jiko lake na wasambazaji wake. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini ziliitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kwa mwenye kulima nyanya au kuuza mayai jirani na mgodi, hiyo haikuwa habari ya wanasheria. Ilikuwa habari ya trei za mayai.

Nyama, kichuri na koo zenye ugomvi

Huwezi kusimulia msosi wa Mara ukaruka nyama choma. Hapa mbuzi na ng'ombe huchomwa bila madoido: chumvi, moto wa kutosha, kisu kikali na ubao. Mgeni ataulizwa swali moja la kumpima: "Unaweka kichuri?"

Kwa wasiojua, mnyama akichinjwa, yale majani ambayo alikuwa bado hajamaliza kuyasaga tumboni hukamuliwa, na maji yake ya kijani yakachemshwa na kuungwa na nyama, utumbo au maini. Ni chungu, ina harufu yake, na ukishaizoea nyama isiyo nayo utaiona kama imesahaulika chumvi. Zamani ilikuwa ya machinjioni na ya wazee. Siku hizi imepanda hadhi, inaagizwa na vijana wenye magari, na watu wa Mara wanaoishi Mwanza na Dar wanaitafuta kama dawa ya kukumbuka nyumbani.

Mchomaji nyama ni mwanaume, karibu kila mahali. Ugali wa kuishushia umesongwa na mwanamke. Kwenye sahani moja utaona historia nzima ya mila: ng'ombe upande huu, nafaka upande huu.

Kuna jambo lingine zito kwenye meza hiyo. Koo za Wakurya zimepigana kwa miaka mingi kuhusu ardhi na mifugo. Wanchari na Warenchoka, kwa mfano, waliwahi kuingia kwenye mapigano yaliyoua watu na kuchoma nyumba, na hali ikawa mbaya hadi Tarime na Rorya zikapewa kanda maalumu ya polisi. Sasa fikiria siku ya mnada. Watu wa koo zote wanashuka mjini, wana pesa, wana njaa, na majiko yako machache. Watakaa wapi kama si benchi moja? Haimaanishi kwamba pilau imeleta amani. Ila mtu uliyekula naye jana, ukapitishiana naye chumvi, ni vigumu kidogo leo kuaminishwa kwamba si binadamu. Na mama lishe, ambaye mara nyingi ameolewa ukoo mwingine na kuzaliwa ukoo mwingine, ana ndugu pande zote mbili za ugomvi. Akisema "hapa kwangu hakuna hayo maneno", anajua anachosema.

Upande wa Serengeti

Wilaya jirani ya Serengeti, makao yake Mugumu, ina hadithi yenye ladha nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na watu waliozoea kuwinda kwa ajili ya kitoweo wakajikuta wanaitwa majangili. Nyumbu aliyekuwa mboga akawa kesi. Serikali ilikuja kuruhusu mabucha rasmi ya nyamapori mwaka 2020, kwa leseni na utaratibu. Wakati huohuo hoteli za kitalii za porini zimewafundisha kazi vijana wa Mara, na baadhi ya mapishi hayo huingia mtaani. Usishangae kukuta mgahawa mdogo wa Mugumu unaokata saladi vizuri kuliko baa kubwa ya mjini.

Nani atasonga kesho?

Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mama lishe wakawemo. Mtu aliyeitwa mzururaji mwaka 1983 sasa alikuwa na kadi yenye picha yake. Mwaka 2020 korona ilipokaza, Kenya ilizuia abiria kuvuka mpaka na Tanzania, yakabaki malori ya mizigo, na sufuria za Sirari zilizozoea kuisha saa nane mchana zikapoteza wateja. Mwaka 2021 likaja zoezi la nchi nzima la kuwapanga machinga, kuwatoa kando ya barabara na kuwapeleka maeneo maalumu. Mji unapendeza, ndiyo. Lakini mama lishe anaishi kwa wapita njia, na ukimhamishia mahali pasipopita mtu, umemfungia hoteli bila kumnyang'anya sufuria.

Kuna na jambo la ladha. Mtoto wa mjini leo anaijua chipsi mayai kabla ya ugali wa ulezi. Ulezi una kazi kubwa kuuandaa, mafuta na viazi vinakwenda haraka, na mteja wa bodaboda hana muda wa kusubiri. Wanaojua kusonga ugali mweusi ukakaa vizuri bila mabonge wanazeeka, na mabinti zao wengi wamesomeshwa kwa pesa ya sufuria hilo hilo ili wasije wakalishika. Ndiyo ilikuwa nia, na hakuna wa kuwalaumu.

Kwa hiyo, nani alianza kumuuzia mwenzake ugali Tarime? Hakuna jina moja. Kuna mzee wa birika jeusi karibu na boma, aliyeona karani ana njaa na hana shangazi pale mjini. Kuna mama aliyeamka akakuta zizi tupu. Kuna binti aliyefuata dhahabu na karai la maandazi. Hakuna kati yao aliyekuwa anaandika historia, kila mmoja alikuwa anatafuta ada ya muhula ujao. Ukikaa kwenye benchi lao, lipa kwa wakati, usiombe mkopo siku ya kwanza, na ukiulizwa kuhusu kichuri, jibu kwa ujasiri hata kama moyoni unatetemeka.